Vimeng'enya vya Ini Vikipanda, Si Lazima Iwe Pombe

Mtu anapoelezwa kuwa kipimo cha damu kimeonesha hitilafu katika ini, aghalabu pombe ndiyo hushukiwa kwanza. Mama asiyewahi kuonja hata tone hurejea nyumbani na aibu isiyo yake, akayaficha majibu na asirudi tena kwa mtaalamu. Ipo, hata hivyo, sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni unene uliokithiri.

Ndani ya seli za ini mna vimeng'enya vinavyosaidia kazi za mwili. Viwili kati yake, ALT na AST, hupimwa mara kwa mara maabara. Kwa mtu mwenye afya njema, ni kiasi kidogo tu huonekana katika damu. Mwili unapopokea chakula kingi kuliko unavyotumia, ziada hugeuzwa mafuta, na sehemu yake hujilimbikiza katika ini, hasa kwa wenye kitambi. Seli zilizoelemewa na mafuta huumia, zikavujisha vimeng'enya katika damu. Ndipo ALT hupanda, mara nyingi kuizidi AST.

Kupanda huko ni ishara, si hukumu. Homa ya ini aina ya B na C, pombe, na baadhi ya dawa, zikiwamo za kifua kikuu, huweza kuleta matokeo kama hayo. Kwa sababu hiyo mtaalamu huuliza maswali na kuagiza vipimo zaidi. Vilevile, majibu ya kawaida hayamhakikishii mtu mnene kuwa ini lake ni salama, kwani ini huweza kuwa na mafuta huku vimeng'enya vikiwa havijapanda. Kwa kawaida hakuna maumivu. Lakini likiachwa kwa miaka mingi, ini huweza kuota makovu na hata kupata saratani.

Habari njema ni kwamba ini hujirekebisha. Kupunguza 5% ya uzito hupunguza mafuta ya ini, na kufikia 7% hadi 10% huweza kutuliza uvimbe wake. Kwa mwenye kilo 90, hizo 5% ni kilo 4.5 tu. Njia yake ni kupunguza soda, sukari na vyakula vya kukaanga, kuongeza mboga na kunde, na kutembea kwa haraka angalau dakika 30, siku 5 kwa wiki. Dawa zinazouzwa mitaani kwa madai ya kusafisha ini ziepukwe, kwa kuwa baadhi huliumiza zaidi.

Wakazi wenye majibu ya namna hii wanashauriwa kuyapeleka kwa mtaalamu katika kituo cha afya na kumtajia dawa zote wanazotumia, za hospitali na za mitishamba. Dawa iliyoandikwa na daktari isiachwe bila ushauri wake. Mwenye macho ya manjano, tumbo lililojaa maji au anayetapika damu afikishwe hospitali bila kuchelewa.