Tumbili wa darasa la nne

Mwezi uliopita wengi wenu mlisikia kwamba shuleni kwetu tunafuga tumbili. Ni kweli, tulimfuga siku nne, na tunaona afadhali mpate habari yote kutoka kwetu wenyewe walimu.

Vijana watatu wa darasa la nne walikwenda kuni, wakarudi na mtoto wa tumbili amefungwa kamba kiunoni. Walisema mama yake amekufa, eti wamemwokoa. Sisi tukafurahi! Tukampa uji wa mgao, tukamwekea boksi chini ya dawati. Siku ya pili akaanza kuharisha. Siku ya tatu akamng'ata mtoto wa darasa la kwanza mkononi, ikabidi tumkimbize zahanati, maana mate ya mnyama wa porini yanaweza kuleta kichaa cha mbwa. Hapo kijana mmoja akaogopa akasema ukweli: mama hakufa. Walilitupia mawe kundi zima, mtoto akaanguka. Kumbe hatukuokoa, tuliteka.

Basi tukawapa wanafunzi mjadala: ni haki kumfungia mnyama wa porini hata kama unamlisha vizuri? Tuliwasimulia kwanza habari ya sokwe wa Bujumbura. Vita vilipoanza Burundi mwaka 1993, sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa mjini pale ilibidi wahamishwe. Watatu wa kwanza walipelekwa Kenya, mahali paitwapo Sweetwaters, huko Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Mwaka 1995 wakafuata 9, mwaka 1996 wengine 10. Nao ni wakimbizi, jamani. Kituo kile kina makundi mawili, mto Ewaso Nyiro umepita katikati, na uzio wa umeme umewazunguka. Kenya haina sokwe wa porini, hivyo hawawezi kuachiwa huko. Hata kuzaa wanazuiwa, kwa sababu mtoto naye angezaliwa kifungoni. Na sokwe anaweza kuishi miaka 50! Ukimwokoa leo, atakula kwako mpaka upate wajukuu.

Waliowahamisha sisi hatuwalaumu, kuwaacha vitani kungekuwa kuwaua. Ubaya ulifanyika kabla. Sokwe mdogo hunyonya miaka minne au mitano na mama yake hamwachi, kwa hiyo mwindaji humwua mama kwanza, mara nyingi pamoja na wengine wanaomtetea. Ndiyo maana kituo cha Lwiro, kule Kivu ya Kusini, kimekuwa kikipokea yatima tangu 2002. Na anayenunua kitoto njiani kwa huruma, pesa yake inamrudisha mwindaji msituni.

Kwenye mjadala msichana mmoja alisimama akasema, "Sisi pia tunapewa mgao na turubai. Lakini mwulize baba yangu anataka nini, hatakutajia mgao." Mvulana akamjibu papo hapo, "Bila huo mgao ungekufa njiani." Wote wawili walipigiwa makofi. Kura hatukupiga, kengele ililia.

Siku ya nne bwana nyama alifika na pikipiki. Alitugombeza sana, na tulistahili. Hapa Tanzania mnyama wa porini hafugwi bila kibali, hata na mwalimu. Alisema kama siku ileile tungemrudisha chini ya mti wake na kukaa mbali, huenda mama angemchukua. Sasa kundi limehama. Wazazi, mtoto akileta mnyama nyumbani msimfunge wala msimpe uji. Mwambieni sungusungu mapema, naye atapeleka habari.

Bwana nyama alipopita tena juzi, watoto walimzunguka. Akasema tumbili yuko bandani, anakula vizuri. Wakamwuliza atarudi lini porini. Akasema, "Tungoje kidogo." Wakubwa wakaangaliana wakacheka. Wadogo wakaendelea kuuliza, kidogo ni siku ngapi?