Petit Piment ya Mabanckou: pilipili iliyoisha nguvu katikati

Wandugu, muliniuliza juu ya nini sikusifu Petit Piment, kitabu cha Alain Mabanckou kilichotoka mwaka 2015. Mimi njo ule aliyewasukuma wote musome Verre Cassé. Kwa hiyo si kwamba mwandikaji huyu simupendi.

Moïse ni kijana wa miaka 13 katika nyumba ya yatima ya Loango, karibu na Pointe-Noire, Kongo ya Brazzaville, miaka ya 1970. Jina lake lote ni sentensi nzima ya Kilingala ya kumushukuru Mungu. Baba na mama hawajui. Padri mmoja, Papa Moupelo, njo anawachezesha ngoma, na watoto wanamungojea kama baba yao. Halafu nchi inaingia katika usoshalisti, padri haji tena, hakuna anayewaeleza watoto kitu. Kurasa zile nilizimaliza usiku mmoja.

Baadaye anatoroka na mapacha wawili, wale aliowatilia pilipili ndani ya chakula (jina lake lilitoka pale), anakuwa maibobo wa soko la Pointe-Noire. Anapata mama mpya, Maman Fiat 500, mwenye nyumba ya wanawake wanaojiuza, kumi, wote wa kutoka kwetu, Zaire ya wakati ule. Hapa nilijitengeneza vizuri kwenye kiti. Meya anaanzisha vita ya kufukuza malaya wa Zaire, na siku moja kijana anakuta hawako tena.

Hapa njo kitabu kiliniangusha. Badala ya kukaa na kilio cha kijana, mwandikaji anamufanya kichaa wa kuchekesha: eti amepoteza "compléments circonstanciels", anajiona Robin Hood, anapelekwa kwa daktari, kisha kwa mganga. Utani ule wa sarufi nilicheka kweli, sisi wote tulichapwa juu ya ile somo. Lakini wale dada kumi, walirudi ao walikufa? Kitabu hakiulizi.

Mutaniambia: wazimu wake njo kilio chenyewe. Labda. Katika Verre Cassé, kicheko kinaficha kilio, na musomaji anakisikia chini yake. Huku kicheko kimekalia nafasi ya kilio. Mara mbili kijana ananyanganywa mzazi. Mara ya kwanza tunaumia naye, mara ya pili tunaangalia mchezo.

Mimi ni mwalimu, nimefundisha watoto wawili waliokuwa wanalala sokoni. Walikuwa wachekeshaji kupita wengine wote, ile Mabanckou ameiona sawasawa. Lakini mumoja wao, kila siku ya kwanza ya juma, alikuwa ananiuliza kama mama yake alipita kwenye masomo. Aliuliza mwaka muzima.

Sura za Loango nitazisoma na wanafunzi wangu. Zinazobaki, mwenye kuzitaka aje aazime kitabu kwangu.