Mark Twain, Mchimbaji Aliyeandika Habari za Kongo Yetu

Wewe kijana unayeshuka shimoni kila asubuhi hapa Iga Barrière, na wewe mama unayengojea nyumbani kuona kama leo karai limeleta kitu: huyu Mmarekani ninayetaka kukuelezea angeyaelewa maisha yako vizuri.

Wazazi wake walimwita Samuel Clemens. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika jimbo la Missouri, akakulia Hannibal, mji mdogo kando ya mto Mississippi. Baba yake akafa mwaka wa 1847, mtoto akiwa na miaka 11, na masomo hayakwenda mbali. (Ninyi mnaohangaika na minerval mnaelewa.) Akajifunza kazi ya kuchapa magazeti, halafu akawa rubani wa meli za mvuke. Vita vya 1861 vikafunga safari za mtoni, naye akaenda Nevada, kule watu walikofukua madini ya fedha.

Mwaka wa 1862 alikuwa Aurora, katika machimbo. Chepeo, sururu, baruti, hakuna kitu. Pesa zikaisha, akaingia kazi kwenye kiwanda cha kusaga mawe kwa dola 10 kwa juma. Alidumu juma moja. Katika kitabu chake Roughing It, cha 1872, anasimulia jinsi yeye na wenzake wawili walivyopata mshipa wa utajiri. Sheria iliwataka wauanze kazi ndani ya siku 10, la sivyo mtu mwingine aweza kuuchukua. Kila mmoja akaenda kwenye shughuli zake akifikiri mwenzake anachimba! Siku zikapita, wengine wakauchukua. Twain alipenda kutia chumvi, usiamini kila neno. Lakini hapa kwetu ni nani asiyejua ugomvi wa namna hiyo kati ya PDG na watu wake?

Alikuwa akipeleka barua za kuchekesha kwenye gazeti moja la Virginia City. Likamwita kazini kwa dola 25 kwa juma. Ndipo mwaka wa 1863 akajiita Mark Twain, maneno ya mabaharia wa mtoni: kina ni pima mbili, meli yaweza kupita salama.

Vitabu vikafuata. Kilicho kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Huckleberry Finn, kilichotoka Uingereza mwaka wa 1884 na Marekani 1885. Kijana mzungu anasafiri kwa chelezo na Jim, mtumwa aliyetoroka. Huck amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi ya kumpeleka motoni. Anachagua kumsaidia hata hivyo. Sisi wachungaji hatupendi kusikia hayo, lakini ni kweli: makanisa mengi ya Missouri wakati ule yalihubiri kwamba utumwa ni mapenzi ya Mungu. Twain aliyasikia mahubiri hayo akiwa mtoto, na baadaye aligombana na dini maisha yake yote. Hata hivyo rafiki yake wa karibu alikuwa mchungaji, Joseph Twichell.

Sasa tuje kwetu. Toka 1885 nchi hii ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka wa 1903 katika utawala wake. Kule kwenye mpira wa msituni, kijiji kisichotimiza kiasi kilichotakiwa kilipigwa risasi, watu wakakatwa mikono. Waliopaza sauti kwanza ni pamoja na wamisionari wetu wa Kiprotestanti. Mwaka wa 1899, huko Kasai, mchungaji William Sheppard, Mmarekani mweusi, alihesabu mikono 81 ikikaushwa juu ya moto. Mwaka wa 1904, huko Baringa, Bi Alice Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa mtoto wake. Ni hivyo tu vilivyobaki.

Twain hakukanyaga Kongo hata siku moja. Alikuwa mzee, mkewe amekufa mwaka ule wa 1904. Akaandika King Leopold's Soliloquy: mfalme anaongea peke yake, ana hasira, anabusu msalaba wake, anawatukana wamisionari, na zaidi ya wote anailaani kamera, kwa sababu shahidi huyo hanunuliwi kwa rushwa. Magazeti makubwa yakaogopa. Kikatoka Boston mwaka wa 1905 kama kijitabu chenye picha za mikono iliyokatwa, na faida ikatengwa kwa kuwasaidia watu wa Kongo.

Mwaka wa 1907 kitabu cha kumjibu kilichapwa Bruxelles. Mwandishi wake hakutia jina. Mwaka wa 1908 Leopold aliondolewa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Mfalme akafa Desemba 1909, na Twain akamfuata tarehe 21 Aprili 1910.