Kompyuta ya gemu inapozimika katikati ya mchezo

KOMPYUTA iliyoundwa nyumbani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja huweza kuwaka vizuri, ikafungua barua pepe na kuonyesha filamu usiku kucha bila dosari, kisha ikazimika ghafla mara tu mwenyewe anapoanza kucheza gemu kubwa.

Ubovu wa namna hii hula fedha. Mwenye kompyuta, na mara nyingine hata fundi, hukimbilia kubadili kadi ya michoro, ambayo aghalabu ndiyo kipuri ghali kuliko vyote, kumbe tatizo lipo kwenye waya, feni au mpangilio mmoja uliobadilishwa siku ya kuiunda.

Mashine ikiwa imetulia hutumia umeme kidogo, mara nyingi chini ya wati 100. Gemu inapoanza, prosesa na kadi ya michoro hufanya kazi kwa pamoja, na katika mashine yenye vifaa vya hali ya juu matumizi yanaweza kupanda hadi wati 400 au zaidi. Joto nalo hupanda. Udhaifu wowote uliokuwa umejificha hujitokeza hapo.

Kabla ya kufungua kasha, ni vyema kutazama kwanza mashine inakufa kwa namna gani.

Ikiwa inazimika kana kwamba umeme umekatika, au inajiwasha upya bila ujumbe wowote, shaka ya kwanza ielekezwe kwenye umeme au joto. Ikitoa kioo cha buluu chenye maandishi, yaelekea ni kumbukumbu ya muda, yaani ramu, au prosesa, au draiva. Kioo kikiwa cheusi huku feni za kadi ya michoro zikivuma kwa kasi, kadi hiyo na umeme unaoilisha ndivyo vya kuchunguzwa.

Windows hutunza taarifa za matukio katika programu ya Event Viewer. Wengi hukuta humo tukio namba 41 la Kernel-Power, wakahitimisha kuwa kifaa cha kugawa umeme, ambacho mafundi wetu hukiita pawasaplai, kimekufa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Lingeandikwa vivyo hivyo hata kama mtoto ameng'oa plagi ukutani. Lenye uzito zaidi ni tukio la WHEA-Logger, ambalo huashiria hitilafu iliyogunduliwa na vifaa vyenyewe.

Joto ndilo rahisi kulipima, kwani programu ya bure ya HWiNFO huonyesha nyuzi za kila kifaa. Prosesa nyingi za Intel zina ukomo wa nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi, na Ryzen 7000 nyingi za AMD nyuzi 95. Zinapokaribia ukomo huo hujipunguzia kasi zenyewe kabla ya kuzima. Kwa hiyo mashine inayozimika kabisa kwa joto aghalabu ina kosa la ufungaji: kipozeo hakikukaa sawasawa, pampu ya maji haizunguki, au ile karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipozeo haikubanduliwa. Kosa hili la mwisho huchekesha, lakini si geni kwa mafundi.

Aidha, kipozeo cha feni hakiwezi kushusha joto chini ya lile la hewa ya chumbani, na Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hewa hiyo hupita nyuzi 30. Ondoa ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, kisha cheza gemu ile ile. Mashine ikidumu, ukosefu wa mzunguko wa hewa, au vumbi, ndio wenye lawama.

Umeme una mambo mengi zaidi. Idadi ya wati iliyoandikwa kwenye pawasaplai ya bei poa si ya kuaminiwa, na hata iliyo bora huweza kulemewa. Kadi za michoro za miaka ya karibuni huvuta umeme kwa misukumo ya ghafla inayozidi sana kiwango chao cha kawaida, japo kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ndiyo maana kanuni za ATX 3.0 zilizotolewa mwaka 2022 zilitaka pawasaplai kubwa zistahimili msukumo unaofikia mara mbili ya kiwango chake kwa muda mfupi sana.

Kadi inayohitaji plagi mbili za pini nane ipewe waya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Kila plagi ya namna hiyo imekadiriwa wati 150. Kamwe usichukue waya wa pawasaplai nyingine kwa sababu tu umeingia. Mpangilio wa pini upande wa kifaa hutofautiana, na kosa hilo huunguza vifaa. Kadhalika usifungue pawasaplai yenyewe, kwani kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Wenye UPS wajaribu kuchomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa muda. Baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa mawimbi ya umeme ambayo pawasaplai za kisasa hazipatani nayo, na UPS ndogo hulemewa kabisa gemu linapokolea.

Jaribio jingine lisilo na gharama ni kupunguza kikomo cha umeme cha kadi kwa asilimia 20 au 30, au kuizuia isichore zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Mashine ikiacha kuzimika, shaka juu ya umeme au joto imeongezeka, ingawa haijathibitika. Uthibitisho ni kuazima pawasaplai nyingine.

Ramu nayo husahauliwa. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi, mathalani 3600, hupatikana tu kwa kuwasha mpangilio wa XMP au EXPO katika bayosi, na huko ni kuiendesha kupita kiwango chake cha msingi. Uzime, uache MemTest86 ifanye kazi usiku mzima. Kosa hata moja halikubaliki.

Kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu. Anayebadili draiva, ramu na waya kwa mkupuo atafurahi mashine ikipona, lakini hatajua kilichokuwa kikimsumbua.

Yupo mwenye kufanya yote hayo na mashine ikaendelea kuanguka. Ikiwa prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 13 au cha 14, ana sababu ya kuitilia shaka prosesa yenyewe, jambo ambalo zamani lilikuwa la mwisho kufikiriwa.

Wachezaji wengi wenye prosesa hizo walikuwa wakipata ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha, hata kadi ikiwa na nafasi tele. Mwaka 2024 kampuni ya Nvidia iliwaelekeza wenye tatizo hilo kwa Intel. Baadaye mwaka huo Intel ilikiri kuwa prosesa za kompyuta za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi, hali iliyochakaza sehemu ya saketi zake kabla ya wakati.

Marekebisho yaliyopewa namba 0x129 yalitoka Agosti 2024 na 0x12B Septemba, nayo huingizwa kwa kuweka toleo jipya la bayosi kutoka kwa mtengenezaji wa bodi mama. Hata hivyo, marekebisho hayo huzuia uharibifu tu. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi, sharti ibadilishwe.

Hilo linamgusa moja kwa moja mnunuzi wa vifaa vilivyotumika, awe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Prosesa iliyofanya kazi miaka miwili kwa bayosi ya zamani haina alama yoyote ya nje, na dukani itawaka bila tatizo. Muuzaji atakayekataa ijaribiwe kwa gemu zito kwa nusu saa aachwe na bidhaa yake.

Intel iliongeza waranti ya prosesa hizo zilizouzwa katika maboksi yake kutoka miaka 3 hadi 5, ikihesabiwa tangu siku ziliponunuliwa. Iliyonunuliwa mwishoni mwa mwaka 2022, kizazi cha 13 kilipoingia sokoni, ukomo wake ni mwishoni mwa mwaka 2027. Waliopata prosesa ndani ya kompyuta iliyokamilika huelekezwa kwa mtengenezaji wa kompyuta hiyo.