KUVUTA MASHUA NZITO KWA MASHINE YA KUJIUNDIA



Leo tunaweka pembeni habari za mishahara tuzungumze juu ya chuma. Wengi wenu mko viwandani na mashambani, na mnajua gia na mikanda kuliko sisi tunaozunguka na daftari la Chama. Kazi tunayotaka kuieleza iko Kabuta, ufuoni mwa Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge, ambako mashua kubwa za mbao hutolewa majini kwa migongo ya watu.

Uvuvi katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ndiyo nafasi ya kutoa mashua majini, kuzikalafati na kubadili mbao zilizooza. Mashua ndogo haina taabu, wanaume wachache huiinua wakaondoka nayo. Taabu iko kwenye zile ndefu za injini, zinazochukua watu na mizigo kwenda visiwani na hata ng'ambo ya Kongo. Ukipandisha mashua ya namna hiyo juu ya tela la chuma, mzigo wote unaweza kufika tani mbili.

Hapo ndipo huitwa vijana. Kila mmoja huahidiwa ujira wake, kamba hufungwa, mmoja huimba na wengine hujibu. (Wenzetu wa pwani ya Kenya walikuwa wakiitana kwa neno harambee katika kazi kama hizi, muda mrefu kabla serikali haijalichukua mwaka 1963.) Sisi tumevuta kamba hizo, kwa hiyo hatusimulii ya kuambiwa. Mwaka mmoja, mahali ambapo hatutapataja, kamba ilikatika mashua ikiwa imebakiza hatua chache kufika juu. Tela likarudi nyuma. Vijana waliokuwa mbele walianguka tu, lakini aliyekuwa nyuma, aliyewekwa huko asukume kwa bega, alivunjika mguu mahali pawili. Tulipokwenda kumwombea fidia tuliulizwa jina lake limeandikwa wapi. Halikuandikwa popote. Mwenye mashua alisema hamjui, na kweli hakumjua, alikuwa amemlipa mtu mwingine aliyekusanya vijana.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza kama mashine isingefaa. Tulikaa na mafundi wa kuchomelea na dereva mmoja wa trekta, tukapiga hesabu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza ni uzito wa kuvuta. Kuvuta tani mbili si kuinua tani mbili. Katika ardhi ngumu iliyo sawa, tela lenye matairi mazuri hutaka nguvu ya kilo 40 hadi 60 tu. Katika mchanga uliolegea matairi huzama, na nguvu hupanda hadi kilo 400 hivi. Ufuo ukiwa na mwinuko wa mita moja kwa kila mita kumi, ongeza kilo 200. Jumla ni kilo 600. Mtu mmoja akivuta kwa kuendelea, bila kushtua kamba, hutoa kama kilo 30. Gawanya, utapata watu ishirini, na ndiyo sababu huonekana watu ishirini kwenye kamba.

Sasa tandika mbao nene chini ya matairi. Ile 400 ya mchanga hushuka hadi kama 100, na jumla huwa 300. Yaani nusu ya kazi imeondoka kabla hatujanunua hata lita moja ya petroli. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu tumeona mwenye mashua akikataa kununua mbao nane na huku analipa watu ishirini.

Pili ni injini. Watu wengi hudhani mzigo mkubwa unataka injini kubwa. Injini ndogo ya nguvu farasi tano, kama ile ya pampu ya maji, inatosha kabisa mradi tukubali kwenda polepole. Tunataka mita 15 kwa dakika. Ufuo wa mita 60 utachukua dakika nne, na hakuna anayekimbizwa. Mwendo huo una faida nyingine, kwamba jambo likiharibika mtu anapata nafasi ya kuondoa mguu wake.

Injini hiyo ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, na tairi la pikapu ambalo mzunguko wake mmoja ni kama mita mbili likizunguka mara saba na nusu, tunahitaji kupunguza mwendo mara 320. Mahesabu yanatisha, lakini vyuma vyenyewe vimelala kwenye magari mabovu. Puli ndogo kwenye injini na puli kubwa kwenye gia boksi, zikiungwa kwa mkanda, hupunguza mara tano. Gia boksi ya pikapu katika gia ya kwanza hupunguza kama mara nne. Gia boksi ya pili, ikifungwa nyuma ya ile ya kwanza, mara nne tena. Difu ya ekseli ya nyuma, mara nne nyingine. Tano mara nne mara nne mara nne ni 320. Ukitumia gia boksi moja tu mashine itakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na injini itazimika kwenye mwinuko. Sisi tulitaka kuokoa fedha tukajaribu hivyo, tukapoteza siku nzima. Na gia ya nyuma mnaipata bure.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, ni uzito juu ya magurudumu yanayoendesha. Mashine yaweza kuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini kama ni nyepesi matairi yatazunguka tu na kuchimba shimo. Mpira juu ya ubao mkavu hushika kama sehemu sita katika kumi za uzito ulio juu yake. Tela na mashine kwa pamoja, kilo 2,300 juu ya mbao na juu ya mwinuko, hutaka nguvu ya kilo 345 hivi. Basi lazima juu ya magurudumu hayo kuwe na kilo 600. Mashine yenyewe ina kilo 300. Zilizobaki tunazipata kwa kusogeza mashua mbele kidogo juu ya tela, hata pua ya tela iikalie mashine kwa kilo 300. Pingili ya kuungia ikae juu ya ekseli hasa, si mbele yake wala nyuma. Mkiona hesabu hii imebana, kweli imebana. Mbao zikilowa hazitoshi, zipigiliwe vipande vya miti kwa upana ili tairi lipate pa kukanyaga. Pale ambapo mwinuko ni mkali kuliko huo msishindane nao. Fungeni mashine kwenye mti au nguzo iliyozikwa, mvute kwa waya.

Fremu iwe ya chuma cha chaneli. Tairi linaposukuma ubao kurudi nyuma, fremu nayo hutaka kuinuka mbele, na inaweza kuinuka kwa nguvu za kumtupa mtu. Kwa hiyo msiache mkono wa kuongozea uwe ndio unaoizuia. Wekeni gurudumu dogo mbele na jingine nyuma, la nyuma liwe juu ya ardhi kwa upana wa vidole vitatu, liguse pale tu fremu inapoinuka. Kuongoza, tumieni breki za ekseli ile ile, kila upande na wenzo wake. Madereva wa trekta wanaelewa tunachosema: ukibana breki ya kushoto, mashine inageukia kushoto.

Sasa mkanda. Tunauacha uwe mnyonge kuliko vyuma vyote, kwa makusudi. Puli ya tatu, ndogo, hubanwa juu ya mkanda kwa wenzo wa mkono, na springi huivuta kuiondoa. Mwendeshaji akishika wenzo, mashine inakwenda. Akiachia, kwa hiari yake au kwa kuanguka, mkanda unalegea na mashine inasimama. Mzigo ukikwama, mkanda unateleza na kunuka badala ya gia kuvunjika. Tulishauriwa na mtu anayejua magari tuweke klachi ya kukanyaga. Tulikataa, kwa sababu mguu wa mtu aliyeanguka unaweza kubaki pale pale. Mkanda na puli zote zifunikwe kwa bati. Kitenge au mkono wa shati ukishikwa hapo haurudi mzima.

Lakini mkanda ukilegea kwenye mwinuko, mzigo nao unataka kurudi. Nyuma ya kila gurudumu la tela fungeni kabari ya mti mgumu kwa mnyororo mfupi unaotoka kwenye fremu ya tela, ijiburute yenyewe. Tela likirudi nyuma kidogo tu, linapanda kabari na kusimama. Hivyo hakuna mtu anayewekwa nyuma kushika jiwe. Wala mashine isiingizwe majini. Kati ya mashine na tela wekeni bomba refu la mita nne au tano wakati wa kushusha mashua, maana maji yakiingia kwenye beringi na difu, mafuta huwa meupe kama maziwa na vyuma havimalizi mwaka.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazee wa Kabuta walituuliza kabla hatujamaliza kuchora. Mzee mmoja alisema, "Wanangu, mashine hii inataka watu wanne. Wale kumi na sita watakula nini?" Swali hilo hatukuwa na jibu la haraka. Mwenye mashua akiinunua mashine yeye, ujira wa watu kumi na sita utabaki mfukoni mwake, na wale wanne watalipwa kama zamani. Haya wenzetu wa viwandani mmeyaona zaidi ya sisi.

Maoni yetu ni kwamba mashine iwe mali ya wavutaji wenyewe, kwa ushirika, nao watoze kwa mashua, si kwa kichwa. Bei iwe moja na itangazwe. Ikitolewa petroli na akiba ya vipuri, kinachobaki kigawiwe kwa wote walioandikwa, kwa zamu. Hatusemi kwamba kila mtu atapata kama alivyokuwa akipata. Siku za kazi za mtu mmoja zitapungua, na wengine watataka kujitoa. Tunasema tu kwamba fedha itabaki ufuoni, na migongo itabaki mizima.

Daftari ni la lazima kama breki. Jina la kila mtu, tarehe, mashua ya nani, ameahidiwa kiasi gani. Zambia ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi, namba 10 ya mwaka 1999, na sheria ya afya na usalama kazini, namba 36 ya mwaka 2010, lakini mtu asiyeandikwa hupata taabu kuthibitisha hata kwamba alikuwa kazini. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Lilizungumzia kubeba, si kuvuta kamba, ila mwenye macho anaona lilikuwa linalinda nini.

Tunachokosa sasa ni gia boksi ya pili. Tawi lolote lenye gia boksi ya pikapu iliyo nzima, hata kama gia ya tatu na ya nne zimekufa, limwandikie katibu kabla ziwa halijafunguliwa mwezi Machi. Fundi wa kuchomelea tunaye, na mbao zimekwisha kupasuliwa.