Je, Wajua Kwa Nini Blu-ray Haikushika Makambako?

Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ilitangaza kuachana na HD DVD. Mwezi mmoja na kitu kabla, Warner walikuwa wameamua kutoa filamu zao kwa Blu-ray peke yake, na Sony ilikwisha kuipachika Blu-ray ndani ya kila PlayStation 3. Vita vya mifumo hiyo miwili ya diski vikaisha. Makambako, pale barabara ya Tanzam inapokutana na reli ya TAZARA, biashara iliendelea kuwa ya VCD na DVD.

Siri ya diski hizi ni mwanga. Deki ya DVD husoma kwa mwali mwekundu wa nanomita 650; mahasimu wale wawili walitumia wa bluu-zambarau, nanomita 405. Mawimbi yakiwa mafupi, vishimo vinavyosomeka huwa vidogo na vingi zaidi: tabaka moja la DVD hubeba GB 4.7, la HD DVD 15, la Blu-ray 25. Blu-ray iliweka data milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski. HD DVD ilibaki na 0.6 kama DVD, hivyo viwanda vya zamani viliweza kuitengeneza bila gharama kubwa. Kwa akili ya duka, aliyeshindwa ndiye aliyekuwa na hoja.

Sasa chukua TV ya chogo. Picha yake ina mistari 576; ya Blu-ray ina 1,080. Mistari hiyo ya ziada ingeonekana wapi? Mtu wa Makambako aliyeipita deki ya Blu-ray dukani hakuwa mshamba, alikuwa amepiga hesabu.

Alichotaka ni wingi. VCD hubeba dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu moja ilikuja kwa diski mbili, na kwenye kibanda umiza watu walipiga kelele mapigano yakikatika ili diski ibadilishwe. Zikaja DVD zilizobanwa, filamu hata ishirini kwenye diski moja, picha ina ukungu. Ukungu haukumzuia mtu kumsikia Lufufu, mtafsiri wa filamu, akizisimulia kwa Kiswahili.

Kilichokuja kuing'oa DVD ni flash. Haina mota wala lenzi ya kushika vumbi, na huchomekwa kwenye TV yenye tundu la USB. Hata sola ndogo inaitosha. Ukizichoka filamu unazifuta, unakwenda kuwekewa nyingine, jambo ambalo Blu-ray ya dukani haikuruhusu kamwe.