Mbona Beste Yako Alilipa Nusu ya Doh Yako Kwa Ndege Hiyo Hiyo?

Kama umewahi enda ocha Disemba 23, tayari unajua hesabu ya ndege. Ni vile hujaambiwa.

Cheki. Uko Tea Room, Nairobi, unaenda Embu ama Meru. Mwezi wa tisa makanga anakubembeleza hadi anakubebea begi. Disemba hata hakuangalii, na nauli imepanda mara mbili. Wasee wanasema ni wizi. Kiasi ni wizi, sikatai. Lakini hiyo mathree ikishusha watu Makutano (ya Meru, si ile ya kugeuka Embu), inarudi Nairobi viti tupu. Mafuta ya kurudi analipa nani? Wewe.

Ndege ni hivyo hivyo, ila kwa mat wote hulipa sawa. Kwa ndege, wewe na jirani yako wa kiti mnaweza kuwa na bei tofauti kabisa.

Chukua Q400 za Jambojet, viti 78. Mafuta, marubani, mafundi, ada ya kutua: ikibeba watu 30 ama 78, bili inabadilika kidogo tu. Na kiti kikiruka tupu, hiyo doh imeenda. Ni kama miraa ya Maua, ikilala imeisha.

Sasa tuseme safari ya Mombasa inakula 450,000. Ukiuza kila kiti 7,000, wasee 20 wasio na doh watapanda SGR. Unabaki na 58, yaani 406,000. Hasara. Lakini ukiuza viti 20 kwa 4,000, 38 kwa 7,000, halafu 20 za mwisho kwa 12,000, unatoka na 586,000. Ndege ni ile ile! Ndio maana za bei ya chini ni chache na zinaisha mapema. Za mwisho zinangoja msee wa mkutano, ama mtu kama mimi mwaka jana, nikikata tiketi usiku juu ya matanga. Nililipa nikinuna.

Mchezo huu ulikomaa Marekani, baada ya serikali kuachilia bei za ndege 1978. People Express ilikuwa inauza rahisi kwa kila mtu. 1985, American Airlines ya Robert Crandall ikaangusha bei ya viti vichache tu, kwa waliokata mapema, zingine zikabaki juu. People Express ikalemewa, ikauzwa 1986.

Sasa rudi mtaani. Uwanja wa Isiolo ulifunguliwa 2017, uko hapo mpakani na Meru. Mbona hauendi Nairobi kwa ndege kila wikendi? Runwei ni kilomita 1.4, kwa hivyo inafaa ndege ndogo, na ndege ndogo ina vichwa vichache vya kugawana bili. Tiketi lazima iume, na hapo steji mat inakungoja kwa nauli ya kawaida. Hao vichwa wachache nao wakipungua, hesabu inagoma.

Hata miraa, ambayo watu waliambiwa itapaa kutoka hapo, inataka ndege nzito ya mizigo, na runwei ni fupi. So bado inashuka Nairobi kwa barabara. Simama kando ya lami uone vile hizo Hilux zinapita.